Kukwaruza Meza Inayong'aa

Jumamosi moja ya mwisho wa Oktoba mteja alinifuma. Nasema alinifuma kwa sababu uso aliokuja nao ulikuwa wa mtu aliyekuta mwizi ndani kwake. Ni mama mtu mzima, mkazi wa Isevya hapa Tabora, aliyeagiza meza ya chakula ya watu sita, mninga mtupu. Ijumaa alipita na bajaji akaiona imepigwa vanishi mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza. Ilikuwa inang'aa, nyuzi za mbao zimejitokeza nyekundu na kahawia, akacheka peke yake akaenda zake. Leo ananikuta nimeinama juu ya meza ile ile na msasa mkononi, upande mmoja umefubaa kama ubao wa darasani uliofutwa kwa kiganja, na mimi nimejaa unga mweupe mpaka kwenye kope.

"Mwanangu, mbona unaiharibu meza yangu?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuuliza, unafanya nini? Jana si ilikuwa nzuri?"

Mjomba wangu, mwenye karakana, alikuwa kwenye kigoda karibu na lundo la maranda anakunywa chai. Hakutia neno. Nikamwomba yule mama apitishe kiganja upande ambao sijaugusa, halafu apitishe upande niliomaliza. Upande wa kwanza ulikuwa unang'aa, ila una vipele vidogo vidogo, kama ulimi wa paka. Upande wa pili haukuwa na mng'aro wowote, lakini kiganja kilikwenda chenyewe.

"Kha!" Akarudia tena, safari hii amefumba macho. Akasema haya, endelea, ila Jumatano nikija niikute inang'aa.

Sikumwona mjinga hata kidogo. Mimi mwenyewe niliwahi kuihurumia meza inayong'aa, na huruma ile ilinigharimu.

Karakana yetu iko Ng'ambo. Niliingia pale nimemaliza kidato cha nne, kazi yangu ikiwa kufagia maranda na kushika ncha ya pili ya ubao unapopasuliwa. Mimi na Mjomba tunaitana hivyo hivyo, yeye ananiita mjomba na mimi namwita mjomba, hata wateja wapya huwa hawajui nani mwenye kazi. Miaka miwili ya mwanzo niliyoyaona ni ya laka. Laka unaipuliza kwa bunduki ya kompresa, nusu saa imekauka, unapuliza tena. Siku nyingine Mjomba alipitisha msasa kati ya mkono na mkono, siku nyingine, kazi ikiwa ya haraka, hakupitisha, na kitu kilitoka kizuri tu. Mimi nikajifunza kwa macho kwamba msasa wa katikati ni mapambo. Mwenye muda afanye, asiye na muda aache.

Ndipo tukaanza kupata wateja wanaotaka meza zisizoogopa maji wala chai ya moto, tukahamia kwenye vanishi ya poliyurethani, ile ambayo madukani wanaiita PU. Mjomba akanipa meza ya sebuleni ya mwalimu mmoja niimalize peke yangu. Jumatatu nikapiga mkono wa kwanza kwa brashi. Jumanne tukapata msiba Urambo, nikarudi Jumamosi. Nikaikuta imekauka kama kioo, naiona sura yangu ndani yake. Nikachukua msasa, nikausogeza karibu, mkono ukagoma. Nikajisemea, kitu kimeshakuwa kizuri hivi nikikwaruze cha nini? Nikafuta vumbi kwa tambara, nikapiga mkono wa pili juu kwa juu. Wa tatu nao vivyo hivyo.

Mwalimu alifurahi. Akaitandikia ile plastiki ya maua inayouzwa kwa mita sokoni, akakaa nayo kama miezi mitatu. Siku anaibandua aisafishe, vanishi ikafuata plastiki. Haikubanduka punje punje. Ilitoka shuka zima, kama ngozi anayovua nyoka. Akatuletea kipande amekikunja kwenye gazeti, bila kusema neno baya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mjomba alikichukua akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa laini pande zote mbili. "Huu haujawahi kushika, mjomba," akasema. "Ulikuwa umelala tu hapo juu." Tukaenda kuiona meza. Chini ya kilichobanduka, mkono wa kwanza ulikuwepo mzima, unang'aa vile vile kama siku niliyouhurumia.

Siku hiyo ndiyo nilielezwa jambo ambalo miaka miwili ya kutazama haikunifunza. Laka hukauka kwa thina, ile inayoiyeyusha, kuruka tu. Ukipuliza mkono wa pili, thina yake inayeyusha kidogo uso wa mkono wa kwanza, vikaingiliana, mwisho vinakuwa utando mmoja. Shelaki ya zamani, ile ya kuyeyusha kwa spiriti, ina tabia hiyo hiyo. Kwa vitu hivyo msasa ni wa kusawazisha, kushikana ni shughuli ya thina. Vanishi ya mafuta na PU ya kopo moja ni habari nyingine. Zinakauka kwa kuchukua oksijeni ya hewani na kubadilika kabisa, na zikishabadilika, thina yake haiziyeyushi tena. Ukipaka mkono mpya juu ya ule uliokomaa ni kama kupiga plasta juu ya kigae: itakaa kwa sababu haina pa kwenda, siyo kwa sababu imeshika. Mwashi anajua hilo, ndiyo maana ukuta laini wa zege huugongagonga kwanza kwa patasi. Msasa ndiyo patasi yetu. Mikwaruzo midogo sana, maelfu kwa maelfu, na mkono unaofuata unaingiza vidole humo.

Makopo mengi yanaandikwa kabisa kwamba ukipaka tena ndani ya saa kadhaa si lazima ukwaruze, kwa sababu mkono wa kwanza bado haujafunga, ukipitiliza muda huo ukwaruze. Nilikuwa nimelitupa kopo bila kulisoma. PU ya makopo mawili, yenye kopo la kukazia, nayo ina saa zake, na ikishakomaa ni ngumu kweli kweli, bila msasa hutaki hata kuzungumza nayo.

Meza ya mwalimu tuliikwangua yote mpaka kwenye mbao, kwa hasara yetu. Siku mbili za kukwangua. Nafikiri Mjomba alifanya makusudi kutonisaidia.

Baada ya hapo nikawa na kosa la upande wa pili: nikawa nakwaruza kila kitu, na nakiwahi. Mkono umepigwa jana jioni, mimi asubuhi saa mbili niko juu yake na msasa. Hapa ndipo nilipojifunza kusoma unga, na kama kuna kitu kimoja ambacho ningependa kijana anayeanza akishike ni hiki, kuliko hata namba za msasa.

Vanishi iliyokauka, ukiigusa na msasa, inatoa unga. Mweupe, mkavu, mwepesi, unaopeperuka ukiupuliza, kama unga wa muhogo unapochekechwa. Isiyokauka haitoi unga. Inatoa vijipele vya utelezi vinavyoganda kwenye msasa, vinakuwa vigumu kama mbegu za ufuta, na kila kijipele kinachimba mfereji wake kwenye meza yako. Mtu asiyejua hukaza mkono, akidhani msasa umeisha makali. Anazidi kuharibu. Ukiona msasa umepata vipele baada ya kuupitisha mara tatu nne, weka chini, nenda kafanye kazi nyingine. Utando wa juu unaweza kuwa mkavu na ndani bado mbichi, hasa ukiwa umepaka mnene. Kugusa kwa kidole hakutoshi, kidole kinagusa juu tu. Mimi hujaribu upande wa chini wa meza, ambao nao huwa nimeupaka siku hiyo hiyo, ili nikikosea nikosee kwenye giza.

Tabora kiangazi, kuanzia Mei mpaka Oktoba, hewa ni kavu, vanishi ya jioni aghalabu kesho yake mchana inatoa unga mzuri. Masika, Novemba mpaka Aprili, usinishike kwa ahadi. Nimewahi kungoja siku tatu. Mteja anapiga simu, unamwambia bado, anadhani fedha yake umeila.

Namba sasa. Nyuma ya karatasi ya msasa kuna namba, na kadiri inavyopanda punje zinazidi kuwa ndogo. Msasa wa P120 una punje za wastani wa mikroni 125, yaani sehemu 125 za milimita iliyogawanywa mara elfu. P240 ni kama 58, P400 ni 35. Na mkono mmoja wa vanishi ya brashi, ukishakauka, unene wake ni kama mikroni 25 mpaka 50. Tazama hesabu hiyo utulie. Anayechukua P120 kukwaruza katikati ya mikono anatumia jiwe ambalo ni nene kuliko utando wenyewe. Hapigi msasa huyo, analima matuta. Matuta hayo mkono unaofuata hauyafuniki, unayaonyesha, na vanishi ikiwa ya kung'aa ndiyo inayafichua zaidi. Mbao tupu naimalizia kwa 180 au 220. Sila, ile inayopakwa kwanza kabla ya vanishi, naipitia kwa 240 au 320. Kati ya vanishi na vanishi, 320 kwa mkono wa kwanza, 400 kwa inayofuata, basi.

Kuna herufi P pia. Kwa muda mrefu niliidharau. Penye P, namba inafuata kipimo cha Ulaya. Pasipo na P mara nyingi ni kipimo cha Marekani, na vipimo hivyo viwili vinaachana kadiri msasa unavyokuwa laini: 320 isiyo na P ni karibu sawa na P400. Nilikuwa nanunua duka hili wiki hii na duka lile wiki ijayo, kazi moja inatoka laini nyingine ina mikwaruzo, nikawa nalaumu brashi. Dukani kwetu huwa wanauza hata robo karatasi, na muuzaji akishakata, kipande unachopewa chaweza kuwa hakina namba wala herufi. Nunua nzima.

Kipande cha msasa nakifunga kwenye kibao nilichobandika soli ya ndala kuukuu. Vidole vitupu vinabonyeza pale vilipo na kuacha penginepo, ukija kutazama kwa mwanga wa pembeni unaona mabonde manne ya vidole vinne. Ndala ina ulaini kiasi tu cha kufuata ubao bila kuchimba. Napitisha kufuata nyuzi za mbao, kwa uzito wa kibao chenyewe, siongezi. Mara nne tano, nafuta, natazama.

Kutazama nako kuna namna yake. Meza naiweka karibu na mlango, nainama mpaka jicho liwe usawa wa meza. Palipoguswa na msasa pamefubaa, pasipoguswa pamebaki na vidoa vinavyong'aa, na vidoa hivyo ndiyo mabonde. Kwenye mkono wa kwanza usivifukuze vyote. Niliwahi kuvifukuza, nikakuta nimerudi kwenye mbao na vidoa bado vinanicheka. Mkono wa pili utajaza, wa tatu utajaza, na kufikia msasa wa mwisho uso wote unafubaa sawasawa.

Kingo ndizo zinazoumiza. Vanishi ikiwa mbichi hukimbia ncha kali, kwa hiyo hapo ndipo utando ulipo mwembamba, na hapo hapo ndipo mkono wa fundi hukaza bila kujua. Kwenye mninga mtupu ukitoboka si msiba mkubwa, unapaka tena. Msiba ni paina iliyopakwa rangi ya mninga. Wateja wengi sasa wanataka sura ya mninga kwa bei ya paina, na rangi ile imekaa juu juu tu kwenye nyuzi. Ukitoboa ukingo, unapata mstari mweupe kama mfupa. Nimewahi kukaa na kalamu ya maka natia rangi ukingo wa kabati kama mtoto wa chekechea. Siku hizi kingo nazipitia kwa msasa uliochakaa, bila kibao, mara moja, natoka.

Mninga una ugomvi wake, na kwa kuwa ndio ubao wetu wa heshima, ugomvi huo nimeulipia. Mti wenyewe ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu, na mbao zake zina vitundu vilivyo wazi, virefu, unaviona kwa macho. Kabla ya vanishi tunapiga sila, ambayo imetengenezwa ikwaruzike kwa urahisi: ndani yake kuna aina ya sabuni ya zinki inayofanya itoe unga mwingi bila kuziba msasa. Unga ule unaingia kwenye vitundu vya mninga na kukaa. Kwenye mbao nyeupe hauonekani. Kwenye mninga, ukishapaka vanishi juu, kila kitundu kinakuwa kijistari cheupe, na umekifungia ndani ya kioo. Mlango wa kwanza niliopiga peke yangu, mkubwa, wa mbele, ulitoka kama umeota mvi. Mwenye nyumba alidhani ni mtindo. Sikumkatalia, Mungu anisamehe.

Sasa nikimaliza kukwaruza, kwanza napiga brashi kavu kufuata vitundu, siyo kuvikata. Kisha upepo wa kompresa kama umeme upo. Kisha tambara safi lililonyweshwa tapentaini kidogo, nalikamua mpaka lisitoe tone, nafuta, nageuza upande, nafuta tena, mpaka tambara litoke safi. Kwa vanishi ya mafuta na PU hiyo ni sawa. Kwenye laka usithubutu kufutia thina ya laka, utaifuta laka yenyewe. Na usifute kwa tambara la maji kwenye ubao ambao bado haujazibwa, maji huamsha nyuzi zikasimama, umerudi ulikotoka. Sila yenyewe niliacha kuirundika. Zamani nilidhani mikono minne ya sila ni ujanja wa kuokoa vanishi. Ile sabuni inayoifanya ikwaruzike ndiyo hiyo hiyo inayoifanya iwe laini na dhaifu, ukiijaza chini ya PU ngumu umejenga juu ya mchanga. Tena si kila PU inaipenda sila, soma kopo.

Unga wa mninga wenyewe huniwasha koo na kunipigisha chafya mpaka machozi, barakoa ni lazima. Na yale matambara yenye vanishi ya mafuta usiyarundike pembeni: yakikauka yanatoa joto lenyewe, yakiwa yamejikunja pamoja yanaweza kushika moto bila kiberiti. Yetu tunayaanika kwenye waya nje, moja moja, majirani wanadhani tunafua.

Ipo kazi moja ambayo msasa ulinishinda kabisa. Tabora ni nchi ya nyuki, asali na nta havikosekani. Mzee mmoja kutoka upande wa Sikonge, mwenye mizinga, alileta kiti cha baba yake. Kiti kizuri, cheusi kwa umri, na kwa miaka mingi alikuwa anakisugua kwa nta. Akaniambia kisafishe, kitengeneze. Nikasikia "piga vanishi." Nikakikwaruza kwa 220, msasa ukajaa uji. Nikabadilisha, ukajaa. Nikadhani nimemaliza, nikapaka. Vanishi ilijikusanya matone matone kama maji kwenye jani la yugwa, na paliposhika hapakukauka. Msasa ulikuwa haujaitoa nta, ulikuwa umeisambaza na kuishindilia kwenye nyuzi, maana joto la kusugua linailainisha. Nilitakiwa kuanza na tapentaini na matambara mengi, kufuta na kutupa, kufuta na kutupa, ndipo msasa ufuate.

Nilikiosha siku nzima. Mzee alipokuja nikamweleza yote, nikamwomba radhi. Akacheka mpaka akashika mgongo. "Nani alikwambia nataka vanishi, mwanangu? Mimi nataka vumbi litoke. Nirudishie nta yangu." Akatoa bonge la nta mfukoni, alikuwa amekuja nalo.

Laka wakati wa mvua niseme kwa ufupi tu. Thina inaporuka kwa kasi inaupoza uso wa meza, unyevu wa hewani unaganda humo, laka inakuwa na ukungu mweupe. Vijana hukimbilia msasa. Ukungu ule mara nyingi huondoka kwa kupuliza thina inayoruka taratibu, unyevu ukapata nafasi ya kutoka. Au ungoje siku kavu.

Nirudi kwenye meza ya mama wa Isevya. Jumamosi ile nilisubiri jioni, upepo ulipolala na bodaboda zikapungua barabarani. Nikamwaga maji sakafuni na mlangoni ili vumbi lisinyanyuke, nikavua shati la kazi, maana shati lenyewe ni ghala la unga. Vanishi nikaikoroga polepole kwa kijiti, haitikiswi, ukitikisa unaijaza povu na kila povu ni kipele cha kesho. Mkono wa pili ukakaa vizuri. Jumatatu mchana ukatoa unga mkavu, nikapita 400, uso ukafubaa sawasawa, hakuna kidoa kinachong'aa. Ilikuwa kazi safi, hata Mjomba aliinama akaitazama kwa mlangoni akanyanyuka bila kusema kitu, na kwake hiyo ni sifa. Jumatatu jioni nikapiga mkono wa mwisho.

Usiku ule mvua ya kwanza ikanyesha.

Anayeishi Tabora ameshajua kilichofuata. Ardhi ilipolowa kumbikumbi wakatoka, na mimi nilikuwa nimeacha taa ya karakana inawaka ili mlinzi aone. Watoto wa mtaa mzima walikuwa nje na mabeseni, wanashangilia. Nilipofika, kumbikumbi kumi walikuwa wameshatua juu ya meza, wengine wanatembea, wengine wameshavua mbawa zao pale pale kwenye vanishi mbichi, kama walivyo. Nilinyoosha kidole kumtoa wa kwanza, Mjomba akanishika mkono.

"Waache."

"Mjomba, watakauka humo!"

"Wakauke. Ukiwatoa sasa utaacha mashimo na alama za vidole. Wakikauka utawatoa na msasa. Zima taa, twende tukale."

Tukala, tena kumbikumbi wenyewe, wa kukaanga, nyumbani kwa shangazi. Kwa sababu ya unyevu, Jumanne meza haikutoa unga. Jumatano asubuhi nikaijaribu upande wa chini, ikaanza kutoa, mweupe lakini mzito kidogo. Nikasema nisubiri mpaka saa saba mchana. Saa tano mama akafika.

Alisimama mbele ya meza. Mbawa zilikuwa zimelala juu yake kila mahali, nyembamba, zinapitisha mwanga, na miili michache ya kahawia imeganda katikati. Nilianza kujieleza, mvua, taa, mlinzi. Hakunisikiliza. Alifumba macho akapitisha kiganja, taratibu, kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine.

"Imerudi ulimi wa paka," akasema.

"Ndiyo, mama. Ngoja ikauke, mchana nitaikwaruza."

"Ikwaruze yote?"

"Yote."

Akavuta kigoda cha Mjomba akakaa, akauliza kama kuna chai.